Nimepata ofa nzuri zaidi, niache benki sasa au nisubiri bonasi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, huu ni mwaka wa nne nachambua mikopo ya makampuni kwenye benki kubwa, CFA, ile mitihani ya wachambuzi wa uwekezaji, nimefaulu hatua ya pili. Kazi naiweza hata nikifumba macho. Sasa kampuni ndogo ya uwekezaji imenipa ofa ya kuchambua hatifungani (bondi, yaani mikopo inayonunuliwa na kuuzwa sokoni), mshahara unapanda asilimia 25, bonasi wameandika 'hadi asilimia 25' ya mshahara. Hapa benki bonasi inalipwa miezi minne kutoka sasa, mwaka jana nilipata kama asilimia 20 ya mshahara wa mwaka. Kuna hisa za benki pia nimeahidiwa, zimebaki mafungu matatu, moja kila mwaka, zote pamoja ni kama asilimia 18 ya mshahara, fungu la kwanza linakuja pamoja na bonasi. Benki inanichangia asilimia 12 kwenye pensheni, kule ni 5. Notisi yangu ni miezi miwili. Bosi kasikia fununu, kaniambia nitapandishwa cheo. Kampuni mpya imenipa siku saba nijibu. Niondoke sasa, nisubiri, au nibaki?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuweka namba zote wazi maana wengi huniandikia tu "nimepata ofa nzuri" halafu wananiachia mimi nikisie huo uzuri. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na nikaona kuna maswali mawili humo umeyafunga fundo moja. La kwanza, je hii benki niiache? La pili, niiache tarehe ngapi? La kwanza linajibiwa na kazi yenyewe, yaani hiyo kazi itakuwa imekufanya mtu wa aina gani baada ya miaka mitatu. La pili linajibiwa na kalenda na mkataba. Watu wa fedha tunayachanganya sana haya, unakuta mtu alitakiwa awe ameondoka miaka minne nyuma lakini kila mwaka kuna bonasi iko mbele kidogo, anasubiri, ikilipwa kuna hisa zinakaribia kuiva, anasubiri tena, na mwingine anaudhiwa na bosi Jumatano, Alhamisi kashaandika barua, wakati pesa yake ya mwaka mzima ilikuwa imebakiza wiki chache tu iingie.

Huyo wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa idara ya hazina, nikarukwa kwenye cheo nilichokuwa nimeahidiwa, nikaondoka wiki 6 kabla ya bonasi. Kuondoka kulikuwa sahihi, hata leo ningeondoka, pale nilikuwa sijifunzi kitu. Tarehe ndio ilikuwa mbovu. Niliacha pesa ya karibu miezi mitatu ya mshahara, pesa ambayo kazi yake nilikuwa nimeshaifanya, usiku na mchana, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia njoo uchukue. Iliniuma kwa muda mrefu kwa sababu nilikuwa najua hesabu, kazi yangu ilikuwa ni hesabu, na nilipiga hesabu za kila mtu isipokuwa za kwangu. Kwa hiyo nisamehe kama ntakuwa mkali kwenye tarehe.

Tuanze na pesa maana ndio inayokutoa macho. Chukulia mshahara wako wa mwaka ni 100, ili tusihangaike na sarafu. Ukiacha leo unapoteza bonasi ya 20 na hisa za 18, jumla 38. Unachopata ni 25 zaidi kwa mwaka. Lakini ngoja, pensheni. Benki inakuwekea 12, kule asilimia 5 ya 125 ni 6.25, kwa hiyo kila mwaka unapungukiwa 5.75 ambayo huioni kwenye salio lako la mwisho wa mwezi lakini ni yako na ilikuwa inakua. Nyongeza yako ya kweli imeshuka kutoka 25 mpaka 19.25. Gawanya 38 kwa 19.25 utapata karibu 2. Maana yake ukiondoka leo utafanya kazi kule miaka miwili ndio ufike pale ambapo ungekuwa bila kuhama. Miaka miwili!

Na hapo sijagusa hilo neno "hadi". "Hadi asilimia 25" maana yake inaweza kuwa 25, inaweza kuwa 8, inaweza kuwa sifuri na hakuna mkataba uliovunjwa. Asilimia 25 ya 125 ni kama 31, ukilipwa nusu yake ni 15 na kitu, ambayo ni chini ya hiyo 20 unayopata sasa. Waulize swali moja tu, miaka mitatu iliyopita mtu wa nafasi kama yangu alilipwa asilimia ngapi kila mwaka? Swali hili halina ukorofi wowote, ni swali ambalo wewe ungemuuliza mkopaji anayekuambia mauzo yake "yanaweza kufika" kiasi fulani. Uliza pia kama mwaka wa kwanza bonasi inakatwa kulingana na miezi uliyofanya kazi, mara nyingi inakatwa.

Sasa piga hesabu ya kusubiri. Ukingoja miezi minne unachukua bonasi 20 na fungu la kwanza la hisa 6, jumla 26. Unachokosa kwa kuchelewa ni nyongeza ya miezi minne, yaani 19.25 gawa kwa 12 mara 4, ni kama 6.4. Yaani kusubiri kunakupa karibu 20 safi, moja ya tano ya mshahara wa mwaka mzima. Kwa hiyo kwenye suala la tarehe jibu langu halina kona, usiondoke kabla ya hiyo bonasi labda hiyo kampuni mpya ikulipie.

Ila kuna mtego hapa na nimeona watu wazima wameingia. Usifikirie kwamba kwa kuwa notisi ni miezi miwili basi unaweza kuandika barua miezi miwili kabla ya bonasi ili vyote viishie siku moja. Mikataba mingi ya benki inasema bonasi analipwa mtu ambaye siku ya malipo bado ni mwajiriwa NA hajatoa wala hajapewa notisi. Ukishaandika barua wewe umehesabiwa umeondoka hata kama bado unaingia getini kila asubuhi. Kwa hiyo barua inaandikwa pesa ikiwa imeshaingia kwenye akaunti yako, sio siku walipotangaza viwango, sio siku bosi alipokuita kukuambia namba yako. Hiyo inamaanisha kule utaanza miezi 6 kutoka sasa, wakati ukiandika barua leo ungeanza baada ya miezi 2. Tofauti bado ni ile ile miezi minne, hesabu haibadiliki, kinachobadilika ni kwamba hawa jamaa inabidi wakubali kusubiri nusu mwaka. Soma pia kama kuna kipengele cha kurudisha bonasi ukiondoka ndani ya muda fulani baada ya kulipwa, na kama benki ndio ilikulipia ada za CFA angalia ulisaini nini siku ile, kuna watu wamekuja kukatwa ada zote kwenye mshahara wa mwisho. (Uzoefu wenyewe usikushikilie, CFA wanataka masaa 4,000 ndani ya miezi isiyopungua 36 na wewe umeshapita hapo.)

Kuhusu hizo hisa za 12 zitakazobaki hata ukisubiri. Usizililie. Watu wanabaki kazini miaka kwa ajili ya hisa ambazo hazijaiva kama vile ni pesa iliyoko benki, wakati hiyo ni ahadi, na ahadi ina bei yake. Wewe unachambua mikopo, unajua. Bear Stearns, benki ya uwekezaji ya Marekani, wafanyakazi wake walikuwa wanashikilia karibu theluthi ya hisa zote, mapema 2007 hisa moja ilikuwa juu ya dola 170, na Machi 2008 ikatangazwa inanunuliwa na benki ya JPMorgan kwa dola 2, baadaye wakapandisha mpaka 10. Mtu aliyekuwa amekaa miaka akisubiri hisa ziive alishika nini hapo? Miezi sita mbele, tarehe 15 Septemba, Lehman Brothers, benki nyingine ya huko huko, wakafilisika kabisa na huko nako wafanyakazi walikuwa wamelipwa sehemu kubwa kwa hisa. Na usiseme ni mambo ya zamani, Machi 2023 benki ya Uswisi ya Credit Suisse iliponunuliwa na mwenzake UBS zile hatifungani za AT1, yaani zile ambazo zinaweza kufutwa benki ikiwa taabani, za karibu faranga bilioni 16 zilifutwa zikawa sifuri, na zipo bonasi za wafanyakazi zilizokuwa zimefungwa kwenye utaratibu wa namna hiyo nazo zikafutika. Sisemi benki yako inakufa. Nasema hiyo 12 kwenye hesabu iandike 9 au 8, halafu uone kama ni kitu cha kukuzuia miaka miwili zaidi. Mi naona sio.

Haya, tuje kwenye lile swali la kwanza ambalo ndilo kubwa, na kwenye ujumbe wako umelijibu mwenyewe bila kujua. Umesema "kazi naiweza hata nikifumba macho". Kwenye fedha hiyo ni dalili ambayo watu wanaichukulia kama sifa kumbe ni taa inawaka. Kwa mwaka mmoja ni raha, umetulia, unatoka saa za kawaida. Mwaka wa pili unaanza kunakili memo ya mwaka jana unabadilisha namba. Mwaka wa tatu kuna mtu amekuja na miaka miwili ya uzoefu na anajua kitu ambacho wewe hukijui. Nimeajiri watu kwa muda mrefu sasa, na CV ya mtu mwenye miaka minane ambayo ni mwaka mmoja uliorudiwa mara nane inaonekana tu, ukimuuliza maswali matatu imeisha.

Kitu kinachonifanya niipende hiyo kazi ya hatifungani kwa ajili yako ni hiki. Ukichambua mkopo ukakosea, kosa lako unalijua baada ya miaka mitatu, minne, mkopaji akishindwa kulipa, na hapo wewe umeshahamishwa idara na kwenye kamati walisaini watu sita kwa hiyo kosa halina mwenyewe. Hatifungani ina bei. Umesema kampuni hii ni imara, wiki inayofuata inatoa matokeo mabovu, bei inashuka, na jina lako liko pale. Inauma lakini inafundisha haraka kuliko shule yoyote niijuayo. Miaka miwili ya kusahihishwa na soko kila wiki ni elimu ambayo benki haiwezi kukupa hata ikikupa cheo. Na ukitaka kurudi benki baadaye njia ipo, mtu aliyetoka kwenye hatifungani kwenda mikopo anapokelewa, ila anayetaka kuvuka kwenda upande wa pili akiwa na miaka 38 anakuta mlango mwembamba zaidi kwa sababu wanaanza kumuona ni mtu wa mikopo basi.

Sasa uchunguze hiyo kampuni. Hapa ndio nataka uweke nguvu zako zote, na nashangaa mpaka leo jinsi wachambuzi wa mikopo wanavyoweza kuandika kurasa 30 kuhusu kiwanda cha watu halafu wao wanasaini mkataba wa kazi kwa kuangalia rangi za ofisi. Kaa chini wikendi hii uiandikie hiyo kampuni memo kama vile imekuja kukuomba mkopo, maana kiukweli imekuja kukukopa miaka yako. Mapato yao yanatoka wapi? Kampuni ya uwekezaji kwa kawaida inakula asilimia ya fedha za wateja inazosimamia. Chukua mfano inasimamia 1,000 na inatoza asilimia 0.5, inapata 5 kwa mwaka, na kutoka kwenye hiyo 5 ndio inalipa mishahara, pango, mifumo, na bonasi yako ya "hadi". Soko likishuka asilimia 20 zile 1,000 zinakuwa 800 na mapato yanakuwa 4, lakini mishahara haishuki yenyewe, kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni bonasi na kinachofuata ni mtu aliyeingia mwisho. Mtu aliyeingia mwisho ni wewe.

Alafu uliza wateja ni wangapi, na yule mkubwa kuliko wote anashika asilimia ngapi. Kama mteja mmoja ni asilimia 40 ya fedha zote basi wewe umeajiriwa na huyo mteja, hujaajiriwa na kampuni, siku akihamisha pesa zake hamna kazi. Ni swali gumu kuuliza kwenye usaili lakini linaulizika, "wateja wenu watano wakubwa kwa pamoja wana sehemu gani ya fedha mnazosimamia?" na ukiona mtu anazungukazunguka, andika hilo kwenye memo. Nani anamiliki? Kama ni mwanzilishi mmoja ambaye kila kitu kinapita kwake, akiumwa inakuwaje? Hiyo nafasi unayopewa ni mpya au kuna mtu ameondoka, na kama ameondoka yuko wapi, mtafute. LinkedIn haikosi watu wawili watatu waliopita pale, waandikie kwa heshima, wengi watakujibu, na mara nyingi wanachokataa kusema kina uzito kuliko wanachosema.

Na swali moja la lazima kwa kampuni yoyote ndogo ya uwekezaji, mali za wateja anazitunza nani, na nani anakagua hesabu. Jibu zuri ni kwamba zinatunzwa na benki au taasisi nyingine isiyo ya kwao na mkaguzi ni ofisi yenye uwezo wa kazi hiyo. Bernie Madoff, yule tapeli wa uwekezaji wa Marekani, alipokamatwa Desemba 2008 kati ya vitu vilivyoonekana vilikuwa wazi siku zote ni kwamba kampuni yake ndio ilikuwa inatunza yenyewe mali za wateja, na mkaguzi alikuwa ni kiofisi kidogo mno kwa biashara ya mabilioni. Walioajiriwa pale wengine walikuwa vijana wazuri tu. Jina likishachafuka linakufuata wewe kwenye kila fomu unayojaza.

Nikiwa hapo hapo niseme jambo ambalo hukuliuliza ila wasomaji wengine watalihitaji. Kuna hali moja ambayo hizi hesabu zote za bonasi na hisa ziwekwe pembeni mtu aondoke, nayo ni pale unapoambiwa usaini kitu unachojua si kweli. Ubadilishe tarehe ya tathmini ya dhamana, umfungulie mteja akaunti ambayo hakuomba, upitishe namba "kwa sasa hivi tu, tutarekebisha". Benki ya Marekani ya Wells Fargo walipopigwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa akaunti ambazo wateja hawakuziomba, benki ilikuwa imeshafukuza wafanyakazi kama 5,300, na wengi walikuwa ni watu wa chini waliokuwa wanafukuzia malengo ya mauzo. Bonasi moja hailingani na jina lako kwenye sekta ambayo kila mwajiri anakuchunguza. Huko Uingereza tangu Machi 2017 kampuni za fedha kwa nafasi nyingi zinatakiwa kupata taarifa za mwenendo wako kutoka kwa waajiri wako wa miaka 6 iliyopita. Miaka 6! Kama jambo kama hilo lipo mahali ulipo, weka kumbukumbu zako kwa njia ya halali, tafuta mwanasheria, na anza kuondoka leo.

Kwako wewe sioni hiyo hali, kwa hiyo turudi kwa bosi wako. Amekuambia utapandishwa cheo baada ya kusikia fununu. Simfahamu, inawezekana anakupenda kweli na anamaanisha. Lakini kwenye benki cheo kwa kawaida hakitolewi na bosi mmoja, kinapita kwenye kamati, kina msimu wake, na kina bajeti. Muulize kwa upole vitu vitatu, cheo kinaitwaje, kinaanza tarehe ngapi, na mshahara wake umeshaingia kwenye bajeti? Akikujibu vyote vitatu, na HR wakaweza kukuandikia, basi una ofa mbili na tutazilinganisha kwa haki. Akikuambia "vuta subira kidogo, tuko pamoja" basi una ofa moja. Na hata akileta karatasi jiulize kama cheo hicho kinabadilisha kazi au kinabadilisha tu kadi yako ya jina. Kuwa kiongozi wa watu wanne wanaoandika zile zile memo ambazo unaziandika umefumba macho, sijui kama ndicho ulichokuwa unakitafuta ulipoanza kuzungumza na hawa wengine.

Mi kaunta-ofa, yaani ofa ya mwajiri wako ya kukubakisha, niliwahi kuikubali mara moja. Waliniongeza mshahara vizuri, nikabaki, na ndani ya mwaka nikagundua kwamba zile sababu zangu zote za kutaka kuondoka bado zipo pale pale ila sasa nalipwa zaidi kuzivumilia, na kwenye kila kikao cha mipango nilikuwa yule ambaye "anaweza kuondoka wakati wowote". Sisemi ni mbaya kwa kila mtu. Kama tatizo lako lilikuwa mshahara tu na kazi unaipenda, chukua, kaa, furahi. Tatizo lako sio mshahara, umeniandikia sentensi moja tu kuhusu kazi na ndani yake umefumba macho.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, kama memo ikitoka safi, na usianze kabla bonasi haijaingia au hawajakufidia. Kufidiwa ni jambo la kawaida kabisa kwenye sekta hii, mtu anayehama katikati ya mwaka anaomba mwajiri mpya amlipe alichokiacha, kama bonasi ya kusaini. Usiogope kuiomba, wanajua. Kampuni ndogo inaweza isiwe na uwezo wa kulipa 26 yote, wanaweza kusema tutakupa 15 na uanze mapema, hapo wewe kokotoa, 15 jumlisha nyongeza ya miezi minne 6.4 ni kama 21 dhidi ya 26, sio mbali, unaweza kukubali kama wanakuhitaji haraka na unawaamini. Ila kama ni bonasi ya kusaini soma inarudishwa kwa masharti gani. Kuna mikataba inasema ukiondoka ndani ya miezi 12 au 24 unarudisha yote, ingine inapungua kila mwezi, na hakikisha imeandikwa kwamba hairudishwi kama wao ndio wamekuachisha kazi. Hicho kipengele cha mwisho kinasahaulika na ndicho kinachoumiza.

Siku saba ni chache, omba 14. Kampuni inayokutaka itakupa, na isipokupa hata siku tatu za ziada kwa uamuzi wa miaka ya maisha yako, umejifunza kitu kuhusu watakavyokutendea ukiomba ruhusa.

Mkataba wako wa sasa usome leo usiku, wote, na zile sera za HR zinazotajwa ndani yake. Tafuta kipengele cha kutofanya kazi kwa mshindani na cha kutowagusa wateja. Nguvu yake inategemea sheria ya mahali, California kwa mfano wameyakataa makatazo ya namna hiyo tangu 1872 wakati kwingine yanashikiliwa kweli kweli, kwa hiyo lipa mwanasheria saa moja akusomee. Kuna uwezekano pia benki ikishapata barua yako ikakuambia kaa nyumbani notisi yote huku unalipwa, usifungue kompyuta, usiongee na mteja. Ni utaratibu tu, usilichukue kama tusi, ila maana yake vitu vyako binafsi viwe vimeshatoka kwenye droo kabla hujapeleka barua.

Vitu BINAFSI nimesema. Modeli zako za spredishiti, memo, majina ya wateja, templeti ulizozitengeneza kwa mikono yako usiku wa manane, zote ni za benki. Usijitumie hata moja kwenye barua pepe yako. Mifumo inaona, na nimeshuhudia kijana mwenye akili sana akinyang'anywa ofa mpya kwa sababu ya faili moja alilojitumia Ijumaa jioni. Maadili ya CFA nayo yako wazi hapo, ukiwa bado umeajiriwa huwaiti wateja wakufuate na huondoki na kumbukumbu za mwajiri. Ujuzi ulioko kichwani ni wako, modeli utaijenga upya na itakuwa bora kuliko ile.

Na barua ya kuacha kazi haiandikwi mpaka uwe na mkataba uliosainiwa na pande zote na wamemaliza kukuchunguza, rekodi zako za mikopo, vyeti, rejea, kila kitu. Ofa nyingi zimeandikwa "kutegemea matokeo ya uchunguzi", hiyo bado sio kazi.

Kesho asubuhi waandikie hawa watu kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Nashukuru kwa ofa na nina nia ya kuikubali. Bonasi yangu na fungu la hisa vinalipwa baada ya miezi minne na notisi yangu ni miezi miwili baada ya hapo. Naomba mojawapo, tarehe ya kuanza baada ya miezi 6, au kufidiwa nitakachokiacha. Naomba pia kujua bonasi zilizolipwa kwa nafasi hii kwa miaka mitatu iliyopita, na siku saba za ziada ili nikamilishe maamuzi yangu." Mistari michache tu, usijieleze sana, usitaje cheo ulichoahidiwa na bosi kama huna karatasi yake. Wakijibu nitumie walichoandika neno kwa neno pamoja na ile memo yako, tuipitie wote kabla hujashika kalamu.